Kabla ya kuacha nyama, mlipe anayekudai

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Mimi ni mama wa genge hapa Kihonda, Morogoro. Ni Mkatoliki, na katika jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani tunaosali pamoja, mimi ndiye mweka hazina. Kwa hiyo kila Kwaresima watu hunieleza wameamua kujinyima nini. Wengine hunieleza jumuiyani wanapochukua bahasha za sadaka ya Kwaresima, wengine gengeni wanapopunguza kipimo cha sukari au wanapouliza kama dagaa wa Mwanza wameingia. Nawasikiliza wote, na wengi wana nia njema kabisa. Nina jambo moja ambalo nataka liwafikie watu wengi kuliko wanaopita mezani kwangu: mtu kabla hajachagua cha kujinyima, alipe kwanza anachodaiwa, hasa na yule asiye na nguvu ya kumdai.

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu imeangukia Februari 18. Mchana kutwa wateja wangu walikuja na majivu kwenye paji la uso, wakubwa kwa wadogo. Jioni akaja binti mmoja ambaye ni dada wa kazi katika nyumba ya mtaa wa pili. Hakuja kununua mboga. Alisubiri waliokuwapo waondoke, akasogea karibu, akaniomba kwa sauti ya chini nimkopeshe pakiti ya pedi. Alisema atanilipa akipewa mshahara. Nikamuuliza mara ya mwisho amelipwa lini. Akasema kabla ya Krismasi alipewa elfu ishirini za kusuka nywele, nyingine aliambiwa mama mwenye nyumba anamtunzia. Nikampa pakiti ile na sikuiandika popote.

Nyumba ile naifahamu. Ni watu wa sala kwelikweli, misa ya asubuhi hawaikosi, na mwaka huu walitangaza mbele ya wanajumuiya kwamba nyama na sukari hawatagusa mpaka Pasaka. Simtaji mtu na sitaki atafutwe, maana nyumba za namna hiyo zimejaa kila mtaa, za Wakatoliki, za Walutheri, za watu wa kila dini. Lakini usiku ule nilipiga hesabu. Kilo ya nyama buchani haipungui shilingi elfu kumi. Nyumba iliyozoea kula kilo mbili kwa wiki, ikiacha kwa Kwaresima nzima, inabakiwa na zaidi ya laki moja na elfu ishirini. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilisema mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida asilipwe chini ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha sekta binafsi kimepandishwa tena kuanzia Januari mwaka huu, lakini hata kwa hesabu ile ya zamani, nyama peke yake ingemlipa binti yule miezi miwili. Sasa pesa iliyookolewa kwa kutokula nyama ni ya nani? Mimi naona ni ya kwake. Kuiweka kwenye bahasha ya Kwaresima kabla hajalipwa ni kumtolea Mungu mali ya mtoto wa mtu.

Haya si mawazo yangu ya gengeni. Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu, somo la kwanza kanisani hutoka Isaya sura ya 58. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na hakuona, wamejitesa na hakujali. Anawajibu kwamba siku ileile ya mfungo wanafuata anasa zao na kuwaonea watu wanaowafanyia kazi. Hilo la wafanyakazi linatangulia. Baadaye ndipo anapotaja mfungo anaoupenda: kufungua vifungo vya uovu, kuvunja nira, kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi. Wengi tunalikumbuka lile la kumgawia mwenye njaa kwa sababu linatupa nafasi ya kuwa wakarimu. La wafanyakazi tunalipita haraka.

Ukifungua Walawi 19 utaona ujira wa kibarua haupaswi kulala kwako hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24 inataka alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na roho yake inautegemea. Mtume Yakobo, sura ya tano, anasema ule ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele. Na katika mafundisho ya Kanisa, kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kunahesabiwa pamoja na kuua katika zile dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Nimekuwa Mkatoliki tangu kuzaliwa, na mahubiri ya Kwaresima niliyosikia kuhusu nyama, pombe na disko ni mengi mno. Kuhusu mshahara wa dada wa kazi, ni machache sana.

Wapo watakaosema mimi nazungumzia haki, na Kwaresima ni ya sadaka, hayo ni mambo mawili. Kwangu haki ndiyo inayotangulia. Bwana Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 anasema ukiwa umeleta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale pale, nenda ukapatane naye kwanza. Mtu anayekudai ana neno juu yako.

Niseme kidogo kuhusu sheria zenyewe, kwa sababu watu wengi wanachanganya. Kwa Wakatoliki, siku za kufunga kwa amri ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo mtu anakula mlo mmoja kamili, na asubuhi na jioni anaweza kutia kitu kidogo tumboni. Amri hiyo inamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wake wa 60. Kuacha nyama Ijumaa kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawalazimishwi kujidhuru. Jumapili si siku ya mfungo, hata ndani ya Kwaresima, na ndiyo maana ukihesabu kutoka Majivu hadi Jumamosi Kuu bila Jumapili unapata siku arobaini. Mengine yote, kuanzia soda mpaka simu, ni hiari ya mtu. Papa Paulo wa Sita alipolegeza masharti ya mfungo mwaka 1966 alitaka toba isiishie kwenye chakula, iingie katika sala na matendo ya huruma. Kwa maneno mengine, Kanisa limetuachia sehemu kubwa ya kuchagua wenyewe, na hapo ndipo tunapojipendelea. Tunachagua kitu ambacho kitaonekana, au ambacho kitatupunguza uzito, au ambacho mwenye kukibeba si sisi.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Nimeona baba anayetangaza kuwa nyumba nzima haitakula kitoweo siku zote arobaini, na mkewe ana mtoto wa miezi minne anayenyonya. Mama yule alikuwa anakuja kwangu mchana na kununua yai moja, analichemshia kwa jirani na kulila hukohuko. Mfungo ni wa baba, njaa ni ya mama na mtoto. Nimeona anayeamka kwa ajili ya misa ya saa kumi na mbili kila siku, jambo zuri sana, ila chai ya kumkuta mezani akirudi imeandaliwa na msichana aliyeamka saa kumi na kulala saa tano usiku. Nimeona wanaofunga na njaa ikawafanya wakali, konda wa daladala anatukanwa kwa chenji ya shilingi mia, na mtoto anachapwa kwa kumwaga maji. Mtakatifu Yohane Krisostomo alihubiri juu ya hili huko Antiokia katika Kwaresima ya mwaka 387. Aliwaambia waumini kwamba mdomo usifunge peke yake, macho nayo yafunge, na masikio, na mikono, na miguu. Akauliza inafaa nini kujiepusha na ndege na samaki huku tunawang'ata na kuwatafuna ndugu zetu. Tena wakati huo alikuwa padre tu, hajawa bado askofu wa Konstantinopoli. Zaidi ya miaka elfu moja na mia sita imepita na mimi nayaona aliyoyasema nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu, kati ya kapu la nyanya na ndoo ya mafuta ya kupima.

Nieleze pia deni la genge linavyotembea, maana wengine wanafikiri ni pesa ndogo isiyo na mwenyewe. Mboga zangu nyingi zinatoka Mgeta, juu milimani Uluguru. Kuna mama anayeteremsha mzigo usiku, kabichi, karoti, njegere na figili, alfajiri tunagawana. Ananipa mali kauli. Maana yake nachukua mzigo kwa ahadi ya mdomo na jioni nampelekea pesa yake. Mteja wangu akisema "niandikie", namwandikia kwenye daftari. Akikaa wiki tatu bila kulipa, pengo lile sitaweza kuliziba kwa faida, faida ya fungu la mchicha ni shilingi hamsini au mia. Kwa hiyo namwambia mama wa Mgeta anisubiri. Naye ana vibarua wa palizi wanaomsubiri, na miezi hii ya Februari na Machi huko vijijini ndiyo miezi migumu, ghala zimekwisha na mahindi mapya bado yako shambani. Nyanya aliyokopa mtu mwenye mshahara wake hapa Kihonda inakwenda kuchelewesha unga wa kibarua kule mlimani, mtu ambaye hawajaonana na hawataonana. Mwisho wa wiki mteja yuleyule ananiletea jumuiyani bahasha ya Kwaresima imetuna. Naipokea, naandika jina lake kwenye orodha, namshukuru kwa niaba ya wote. Bahasha ile itawafikia maskini na siwezi kuwanyima. Lakini ukurasa wake katika daftari langu umejaa mpaka nyuma ya jalada, na huwa natamani angenipa mimi ile bahasha nimpelekee mama wa Mgeta.

Sisemi haya ili nilipwe mimi. Mwaka jana, 2025, Kanisa lilikuwa katika Jubilei, na katika hati ya kuitangaza Jubilei ile Papa Fransisko aliyaomba mataifa tajiri yasamehe madeni ya nchi ambazo haziwezi kulipa. Nikasema kama mataifa yanaombwa, na mimi nina daftari. Nilipitia kurasa za watu ninaojua hawana: mjane mmoja, kijana aliyevunjika mguu, bibi anayelea wajukuu. Nilizikata kwa kalamu nyekundu, nikawaambia mmoja mmoja tukiwa peke yetu. Mwenye uwezo sikumkatia, wala sitamkatia, kwa sababu kumsamehe anayeweza kulipa ni kuchukua ya mama wa Mgeta na kumpa mwenye nacho.

Sasa nataka kuwasifu waliochagua vizuri, maana wapo na hawatangazwi.

Kijana mmoja wa bodaboda, kijiwe chake kiko mbele ya genge langu, aliamua Kwaresima ya mwaka jana kuacha kubeti. Huyu alikuwa haupiti usiku hajaweka mkeka. Alijua akikaa na ile pesa itamshinda, basi akanunua kibubu cha mbao, akakileta kwangu, akaniomba nikiweke nyuma ya gunia la maharage. Kila jioni kabla hajarudi nyumbani alikuwa anasimamisha pikipiki, anatumbukiza alichokuwa ameshika mkononi kwa ajili ya kubeti, elfu moja, siku nyingine elfu mbili, siku nyingine mia tano. Kuna jioni alifika, akasimama mbele ya meza dakika kadhaa bila kushuka, simu iko mkononi imefunguliwa kwenye mechi za usiku huo. Nilimwona vidole vinatetemeka. Sikumwambia kitu. Akaizima, akatumbukiza, akaondoka kwa kasi bila hata kuniaga. Jumatatu ya Pasaka tulikivunja kibubu kwa nyundo, akapanda gari kwenda kwa mama yake Matombo kumlipia vibarua waliokuwa wamemlimia na hawajapata chao. Niliulizwa na mtu kama ameacha kubeti kabisa. Jibu la hilo analo mwenyewe na Mungu wake. Ninachojua mimi ni kwamba wale vibarua walilipwa.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mtu mzima, hakuacha chakula chochote kwa kuwa ana kisukari na daktari amemkataza kukaa na njaa. Alichagua kuwakusanya watoto wa dada wa kazi na wa mafundi wa mtaani Jumamosi mchana na kuwafundisha kusoma, bure, barazani kwake. Mwingine alichagua kunyamaza: akisikia mtu anasengenywa anaondoka. Unaweza kuliona dogo, lakini ukiwa unakaa gengeni kama mimi utajua ni zito kuliko kuacha nyama. Na kijana mwingine aliacha kuangalia video kwenye simu usiku, bando alilolikomboa akawa anampigia baba yake aliyeko Mahenge, ambaye walikuwa hawajaongea vizuri tangu msiba wa mama.

Upande mwingine ni Ijumaa zisizo na nyama lakini zenye sato mzima wa kukaanga, ambaye bei yake inazidi kilo ya nyama. Amri haijavunjwa. Ila kama nia ni kuonja kidogo maisha ya mtu asiye na uwezo, dagaa na mlenda vinatosha, au maharage na ugali, chakula ambacho mtu asiye na uwezo anakula Ijumaa na Jumatatu na siku zote.

Kwaresima na Ramadhani zimekwenda pamoja mwaka jana, na mwaka huu zimeanza wiki moja. Jirani yangu wa meza ya pili ni Mwislamu, anauza mihogo, magimbi na nazi. Ijumaa saa kumi jioni, wakati wateja ndio wanaanza kuja, mimi naenda Njia ya Msalaba na yeye anabaki na meza zote mbili. Magharibi ikiingia anakwenda kufuturu na kuswali, mimi nauza mihogo yake. Kwa mfanyabiashara mdogo, kuondoka saa ya biashara ni kujinyima kwa kweli, na bila yeye nisingeweza. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba kwao kuna mafundisho ya Mtume yanayosema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na zaka ya fitri kwao haina maneno mengi: kila kichwa ndani ya nyumba, hata mtoto mchanga, kinatolewa pishi ya chakula, kama kilo mbili na nusu hivi, na inatakiwa iwe imemfikia maskini kabla ya swala ya Idi. Kuna kipimo na kuna saa. Kwetu Wakristo sehemu kubwa imeachwa kwenye dhamiri, na kwa sababu hiyo dhamiri inahitaji kuulizwa maswali yenye kipimo: nani ananidai, shilingi ngapi, tangu lini.

Wenzetu wa Kenya wana desturi nzuri. Kila mwaka maaskofu wao hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, chenye mada ya kila wiki, na jumuiya huanza kwa kisa cha maisha ya kawaida, wakakitazama, wakapima kwa Neno la Mungu, wakaamua la kufanya. Napenda ule utaratibu wa kuanza na kisa. Jumuiya zetu huku tunaanza na rozari, tunasoma Injili, tunashirikishana maneno mazuri, halafu tunaingia kwenye michango. Laiti wiki moja tu ya Kwaresima tungejadili wafanyakazi wetu wa nyumbani kwa uwazi, na wao wenyewe wakiwepo wamekaa kwenye viti kama wengine. Katika jumuiya yetu dada wa kazi wengi hawaji kabisa, kwa kuwa saa ya jumuiya ndiyo saa ya kupika.

Sisi wa Morogoro tuna sababu yetu ya kulijali hili. Imani ilitufikia kutoka Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wakristo wa kwanza wa ukanda huu wengi walikuwa watu waliofanyishwa kazi bila ujira. Mtu akimfungia binti wa watu ndani ya nyumba, asimlipe, na simu yake akaishika yeye, anageuza nyuma kazi iliyoanzia pale.

Kuna watakaoniuliza kama mtu hana uwezo wa kulipa deni lote afanye nini. Aende kwa anayemdai, amwambie kwa mdomo wake: nina deni lako, ni kiasi hiki, leo nina hiki, tarehe fulani nitaleta hiki. Kwa mwenye genge maneno hayo ni nusu ya malipo, kwa sababu naweza kwenda kwa mama wa Mgeta na tarehe mkononi. Kinachoumiza ni kukwepana, mtu kupita njia ya nyuma, au kumtuma mtoto. Na kwa dada wa kazi, akabidhiwe pesa mkononi au kwenye simu yake mwenyewe kila mwezi. Hili la kutunziwa na mama lina ubaya wake. Wengi wanaotunziwa wanaondoka siku moja kwa ugomvi wa sahani iliyovunjika, na nauli wanakuja kukopa kwetu.

Zakayo alipompokea Bwana nyumbani kwake hakusema ataacha divai. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemdhulumu mtu anamrudishia mara nne. Wokovu ukaingia nyumbani mwake siku ileile. Hatuambiwi mara nne. Tungerudisha mara moja tu, mitaa yetu ingebadilika.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa maparoko na wachungaji: kabla ya maungamo ya Kwaresima na kabla ya ibada za Juma Kuu, tangazeni altareni, pamoja na matangazo ya ndoa, kwamba kila mwenye mfanyakazi ahakikishe amemlipa kabla ya Alhamisi Kuu, ambayo mwaka huu ni Aprili 2. Siku hiyo padre huosha watu miguu, na waumini wanaokwenda kutazama wawe wamemalizana na wale wanaowaoshea nguo. Kwa viongozi wa jumuiya: ulizeni, kwa upole na faragha. Sisi ndio tunaojua nyumba kwa nyumba. Kwa kina dada wa kazi wanaosoma gazeti hili, au wanaosomewa: kima cha chini cha mshahara ni sheria ya nchi, siyo hisani, na ofisi za kazi za serikali zipo kwa ajili ya kusikiliza malalamiko ya kila mfanyakazi, hata wa nyumbani.

Na kwako Mhariri: kila mwaka Kwaresima ikianza mnachapa makala za jinsi ya kufunga na vyakula vya Kwaresima, na tunazisoma. Nakuomba safari hii, kwenye ukurasa huohuo, mchape jedwali la kima cha chini cha mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani kinachotumika sasa, kwa herufi kubwa. Nitalikata na kulibandika kwenye nguzo ya genge, juu ya mizani, mahali ambapo anayetumwa mboga na anayemtuma wote wataliona.

Mama wa genge,
Kihonda, Morogoro